Jina Lisilozikwa: Lugha ya Kuwakumbuka Watumbuizaji Waliofariki katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyotumika kuwakumbuka watumbuizaji waliofariki dunia, hususani waimbaji, waigizaji na wachekeshaji wa Tanzania na Kenya waliofariki kati ya mwaka 2010 na 2020. Hoja kuu ni kwamba tanzia ya mtumbuizaji hubeba majina mawili, na kwamba lugha huugawa mzigo wa kifo baina ya majina hayo bila usawa. Jina rasmi huelekea kupokea kitenzi cha kufariki pamoja na wakati uliopita, ilhali jina la sanaa huendelea kutumika katika wakati uliopo na hali ya mazoea. Mgawanyo huu huwafariji waliobaki, lakini una gharama: mambo yanayoambatana na jina rasmi, yaani maradhi, mikataba na haki za warithi, husahaulika mapema. Makala yanapendekeza kwamba waandishi wa tanzia, watunga kamusi za wasifu na watunza nyaraka wayape majina yote mawili uzito unaostahili.

Maneno makuu: tanzia, taabini, jina la sanaa, wakati, utani, hakishiriki

1.0 Utangulizi

Mtumbuizaji anapofariki, wazungumzaji wa Kiswahili hukabiliwa na swali ambalo waombolezaji wa watu wengine hawalazimiki kulijibu: aliyefariki ni nani hasa? Tarehe 12 Julai 2015 alifariki jijini Nairobi mzee aliyeitwa Benson Wanjau. Tarehe 8 Agosti 2018 alifariki jijini Dar es Salaam mzee mwingine, mzaliwa wa Tanga, aliyeitwa Amri Athumani. Habari hizi mbili, zikitolewa jinsi zilivyoandikwa hapa, zingepita bila kuwashtua watu wengi. Zinapoongezewa majina ya Mzee Ojwang na King Majuto, zinakuwa misiba ya mataifa mawili.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba wasanii hutumia majina ya kisanaa. Hata hivyo, likitazamwa kwa jicho la isimu na fasihi, linafichua namna jamii inavyoamua kipi kizikwe na kipi kibaki. Makala haya yanalenga kuonesha kwamba uamuzi huo hufanyika ndani ya lugha yenyewe: katika uteuzi wa kitenzi, katika viambishi vya wakati, katika vyeo vinavyotangulia majina, na hata katika majina ya vituo vya daladala.

Mifano ya watu iliyotumika ni ile iliyo katika kumbukumbu za umma. Sentensi zilizowekewa nambari zimeundwa na mwandishi kwa kufuata mazoea ya Kiswahili cha vyombo vya habari na cha mazungumzo ya msibani. Si nukuu kutoka katika chapisho lolote. Lengo la sentensi hizo ni kudhihirisha chaguo ambazo sarufi inampa msemaji, wala si kupima chaguo lipi hutumika mara nyingi zaidi.

2.0 Istilahi za Kifo na za Kumbukumbu

Kabla ya kuingia katika hoja yenyewe, ni vyema kutenganisha istilahi nne ambazo mara nyingi huchanganywa. Rambirambi ni maneno, na pengine fedha, anazopewa mfiwa. Mbolezi ni wimbo wa kilio, na ni utanzu wa fasihi simulizi. Taabini ni maelezo ya kumsifu marehemu, aghalabu yakisomwa mbele ya waombolezaji. Tanzia ni tangazo au maandishi yanayotoa habari ya kifo. Katika uhakiki wa fasihi, neno hilohilo la tanzia hutumika pia kwa maana ya tamthilia inayoishia katika maafa, likipingana na futuhi, yaani tamthilia ya kuchekesha.

Maana hizi mbili za tanzia zinapaswa kutazamwa kwa pamoja tunapomzungumzia mchekeshaji. Maisha yake yote ya hadhara ameyaishi ndani ya futuhi. Kifo chake kinamhamishia katika tanzia kwa maana zote mbili za neno. Mwandishi wa tanzia ya mchekeshaji ana kazi ngumu, kwa sababu utanzu anaouandika unapingana na utanzu uliompa marehemu jina. Akiandika kwa huzuni tupu, msomaji hamtambui mtu anayeelezwa. Akiandika kwa mzaha tupu, anaonekana kukosa adabu mbele ya wafiwa. Kama itakavyooneshwa, njia ambayo Kiswahili kimeipata ni kuupa kila utanzu jina lake: huzuni ikaenda kwa jina rasmi, kicheko kikabaki na jina la sanaa.

Istilahi zinazomtaja mtu aliyekufa nazo zina uzito tofauti. Marehemu, neno lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya aliyerehemewa. Kwa hiyo ndani yake mna dua. Hayati, ambalo nalo lina asili ya Kiarabu, limetokana na neno lenye maana ya uhai, na katika matumizi ya sasa hutengewa zaidi viongozi na watu wenye hadhi kubwa katika taifa. Mwendazake husikika sana katika Kiswahili cha Kenya, na hulitazama tendo la kuondoka. Marehemu ni neno la watu wote, lakini hayati ni neno la kutunukiwa. Hivyo basi, mwandishi anapoamua kumwita mchekeshaji hayati, hapambi lugha tu. Anadai kwamba kuchekesha ni utumishi wa umma unaolingana na uongozi.

3.0 Kutoka Mtumwa hadi Siti: Mizizi ya Majina Mawili

Suala la majina mawili halikuanza na televisheni. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kufariki mwaka 1950, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani, sanaa yake ilipomtoa katika unyonge wa asili yake na kumfikisha kwenye majumba ya wakubwa. Sahani zake za santuri, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, zilisambaza jina hilo jipya kote katika mwambao wa Afrika Mashariki. Shaaban Robert alipoandika habari za maisha yake, aliuita utungo wake Wasifu wa Siti binti Saad. Jina la sanaa ndilo lililoingia katika historia ya fasihi.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. Kwanza, wasifu wa kisasa katika Kiswahili ulijengwa, miongoni mwa misingi yake ya mwanzo, juu ya maisha ya mtumbuizaji. Kwa hiyo kumkumbuka msanii si jambo la pembeni katika fasihi yetu. Pili, jina la sanaa linaweza kuwa marekebisho ya dhuluma. Mtumwa ni jina ambalo jamii ilimbandika mtoto. Siti ni jina ambalo sauti yake ililistahili. Katika hali kama hii, kuliacha jina la kwanza lizame ni kumtendea haki marehemu. Hoja hii ni muhimu kuikumbuka, kwa sababu sehemu zijazo zitaonesha mazingira ambamo kulizamisha jina la kwanza si haki hata kidogo.

4.0 Aina za Majina ya Sanaa

Majina ya watumbuizaji wanaozungumziwa hapa yanaweza kuwekwa katika makundi matatu.

4.1 Jina la utani lililokua na mtu

Kundi la kwanza ni la majina ya utani ambayo mtu alikuwa nayo kabla au nje ya jukwaa. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, aliitwa Fatuma binti Baraka. Kidude ni umbo la udogo la dude, yaani kitu kidogo kisicho na jina maalumu. Mwimbaji huyu wa taarabu na mpigaji wa ngoma za unyago alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akiwa tayari ajuza, na umri wake ulikadiriwa na wengi kuvuka miaka 100. Upatanisho wa kisarufi unastahili kuangaliwa hapa:

(1) Kidude ameimba.
(2) *Kidude kimeimba.

Sentensi ya (2) haikubaliki ikiwa anayekusudiwa ni mwimbaji. Nomino ya ngeli ya ki-/vi-, iliyobeba maana ya udogo, hutwaa upatanisho wa a-/wa- pindi inapokuwa jina la mtu. Cheo cha Bi kinachoitangulia hukamilisha kazi hiyo: udogo wa ki- unabaki katika sauti, heshima inakaa mbele yake. Hali hiyohiyo huonekana katika jina la Majuto. Katika methali isemayo majuto ni mjukuu, neno hilo ni nomino ya hisia na hutwaa upatanisho wa ya-. Likiwa jina la mchekeshaji wa Tanga, hutwaa a-. Mtu huyu alilichukua neno la huzuni ya kuchelewa, akalitangulizia cheo cha mfalme, likawa jina ambalo watu hucheka kabla hata hajafungua kinywa.

4.2 Jina la mhusika lililommeza mwigizaji

Kundi la pili ni la majina ya wahusika. Benson Wanjau aliigiza kwa zaidi ya miaka 30 katika vipindi vya shirika la utangazaji la Kenya, vikiwemo Vitimbi na Vioja Mahakamani. Yeye alikuwa Mkikuyu, lakini mhusika wake, Ojwang, alikuwa Mjaluo aliyezungumza Kiswahili chenye athari za Kijaluo. Uigizaji huo ulikuwa wa kina kiasi kwamba watazamaji wengi walimdhania Mjaluo wa kuzaliwa. Charles Bukeko, aliyefariki tarehe 18 Julai 2020, naye alijulikana kwa jina la Papa Shirandula, ambalo lilikuwa jina la mhusika na pia jina la kipindi chenyewe.

Erving Goffman, katika kazi yake ya mwaka 1981 kuhusu mazungumzo, alitenganisha nafasi tatu ambazo mtu anaweza kuwa nazo katika usemi: anayetoa sauti, anayetunga maneno, na ambaye msimamo wake unawakilishwa na maneno hayo. Kwa mchekeshaji wa televisheni nafasi hizi hazikai kwa mtu mmoja. Wanjau alitoa sauti. Waandishi na waigizaji wenzake walishiriki kutunga. Mwenye msimamo alikuwa Ojwang. Watu wanapomwomboleza kwa kuiga lafudhi yake, wanamheshimu Mkikuyu kwa ulimi wa Kijaluo, ulimi ambao haukuwa wake ila kwa kazi. Katika nchi ambayo lafudhi imetumika mara nyingi kuwatenga watu, si jambo dogo kwamba maombolezo ya namna hii yamewezekana.

4.3 Jina rasmi lililoongezewa sifa

Kundi la tatu ni la wasanii ambao jina la sanaa limejengwa juu ya jina lao wenyewe. Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, alitumia jina lake halisi huku akiongezewa sifa ya ukuu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyefariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, aliitwa Dokta Remmy. Katika kundi hili hakuna kinyago kinachoweza kubaki pale mwenye uso anapoondoka. Huenda ndiyo sababu mazungumzo kumhusu Kanumba huanzia mara nyingi kwenye kifo chake, ilhali mazungumzo kumhusu Majuto huanzia kwenye kichekesho fulani.

5.0 Sarufi ya Kukumbuka

5.1 Vitenzi vya kifo

Kiswahili kina wingi wa vitenzi vya tasifida kwa ajili ya kifo, na kila kimoja hupanga upya uhusiano wa aliyekufa na waliobaki:

(3) Amefariki dunia.
(4) Ametutoka.
(5) Tumempoteza.
(6) Ametangulia mbele za haki.

Katika (3) mtendewa ni dunia: kufariki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kutengana. Katika (4) kiambishi cha mtendwa -tu- kinawafanya walio hai kuwa ndio walioachwa. Katika (5) mambo yamegeuzwa: walio hai ndio kiima, na marehemu ni kitu kilichopotea mikononi mwao. Katika (6) kitenzi kutangulia kinawajumuisha wote katika safari moja. Kwa mtumbuizaji, (4) na (5) huwa na nguvu ya pekee, kwa kuwa -tu- na tu- hazirejelei familia tu. Msemaji ambaye hakuwahi kukutana na marehemu ana uhuru wa kusema ametutoka, na hakuna atakayemuuliza undugu wake. Kiwakilishi hiki kinaisajili hadhira kuwa wafiwa.

5.2 Anayejulikana au aliyejulikana?

Kiini cha hoja ya makala haya kinaonekana katika kiungo kinachounganisha majina mawili ndani ya tanzia. Tulinganishe:

(7) Amri Athumani, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, amefariki dunia.
(8) Amri Athumani, anayejulikana kwa jina la King Majuto, amefariki dunia.
(9) Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto, amefariki dunia.

Sentensi ya (7) inafuata kanuni ya kawaida: mtu amekufa, kwa hiyo habari zake zinaingia katika -li-. Hata hivyo, inaleta utata wa kimaana, kwa sababu kujulikana si tendo la marehemu bali ni hali ya wanaomjua, na hao wangali hai. Sentensi ya (8) inaizingatia hali hiyo, lakini -na- yake inakaribiana kwa namna ya kushtua na kitenzi amefariki. Sentensi ya (9) inaukwepa uamuzi wote kwa kutumia kivumishi kisicho na wakati. Ndiyo njia salama, na umbo la almaarufu linalotumika sana nchini Kenya hufanya kazi hiyohiyo. Faida ya maarufu ni kwamba hakihitaji kusema kama umaarufu umekwisha au unaendelea.

Baada ya sentensi ya kwanza, majina huachana. Jina rasmi huandamana na -li-: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, ameacha watoto. Jina la sanaa huweza kuandamana na -na- na hu-:

(10) Majuto anachekesha hata ukimtazama mara ya kumi.
(11) Kila Mzee Ojwang akitokea, watoto huacha kucheza.
(12) ?Amri Athumani anachekesha hata ukimtazama mara ya kumi.

Sentensi za (10) na (11) zinakubalika bila kumfanya msikilizaji afikiri kwamba msemaji hana habari ya kifo. Sentensi ya (12) inasikika kama kosa, au kama maneno ya mtu ambaye habari haijamfikia. Tofauti si ya maana ya kitenzi, bali ya jina. Ni kweli kwamba msemaji anaweza kusema marehemu Majuto au marehemu Mzee Ojwang, na watu husema hivyo. Lakini akishasema hivyo, ameliingiza jina la sanaa katika mpaka wa kifo, na -na- ya (10) hupungua nguvu: marehemu Majuto anachekesha ni sentensi inayohitaji muktadha wa filamu au picha mbele ya wasemaji.

Mwili nao unapotajwa huwa na upatanisho wake. Husemwa mwili umewasili, mwili utaagwa, mwili utazikwa. Jina, liwe lipi, huwa mmiliki tu wa kitu cha ngeli ya u-/i-. Kinachozikwa kisarufi ni mwili, si jina.

5.3 Kwa Remmy

Ushahidi mwingine unapatikana nje ya tanzia, katika majina ya mahali. Katika eneo la Sinza, Dar es Salaam, kuna kituo kinachoitwa Sinza kwa Remmy, kwa sababu Remmy Ongala aliishi hapo. Muundo wa kwa pamoja na jina la mtu, katika Kiswahili, hurejelea makazi ya mtu huyo, na kwa kawaida humchukulia kuwa ndiye mwenyeji. Mwenyeji alifariki mwaka 2010, lakini makondakta waliendelea kukitaja kituo kwa jina hilo. Muundo huu hauna kiambishi cha wakati. Haujui kwamba mwenyeji hayupo. Abiria kijana anayeshuka hapo anaweza asijue Remmy alikuwa nani, na bado anamtaja kila siku. Hii ni kumbukumbu iliyodumu kwa sababu haikukusudiwa kuwa kumbukumbu.

6.0 Utani Msibani

Kumwiga marehemu na kucheka msibani kunaweza kuonekana kuwa matokeo ya televisheni. Ukweli ni kwamba jambo hilo lina mizizi ya kale katika utani. Katika jamii nyingi za Tanzania, mtani ana ruhusa ya kufanya msibani yale ambayo ndugu hawezi: kumwiga marehemu alivyotembea na kusema, kudai alipwe kabla mazishi hayajaendelea, kuwasema waliobaki kwa kejeli. Mzaha huo haupunguzi heshima; unagawa majukumu, kwamba ndugu walie na watani wawainue.

Mchekeshaji aliye maarufu ni kama mtani wa taifa zima. Vyeo vya Mzee, Bi, Papa na Mama vinavyotangulia majina ya watumbuizaji vinamwingiza katika ukoo wa kila nyumba, na katika ukoo huo nafasi yake ni ya yule aliyeruhusiwa kusema yasiyosemwa. Akifariki, hadhira humrudishia utani wake. Kwa hiyo mtu anayemkumbuka Majuto au Mzee Small kwa kuiga mwendo wake hafanyi upuuzi. Anatimiza wajibu unaoeleweka katika utamaduni wake. Tanzia zinazokitenga kicheko kwa kudhani kwamba Kiswahili rasmi lazima kilie tu zinaukosa utanzu huu wa asili.

7.0 Gharama ya Mgawanyo

Hadi hapa, mgawanyo wa majina mawili umeonekana kuwa hekima: kifo kinapewa mahali pake, na kicheko kinabaki. Lakini kila kinachoambatana na jina rasmi kinazikwa pamoja nalo, na miongoni mwa vinavyozikwa ni mambo ambayo jamii ingepaswa kuyakumbuka zaidi.

Katika miaka ya mwisho ya Mzee Ojwang, Wakenya waliguswa na habari za kudhoofika kwa macho yake na za uhitaji wake wa matibabu. King Majuto alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, mikataba yake ya kazi ikawa suala la hadhara, hadi waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Katika matukio yote mawili pengo lilikuwa lilelile: sura iliyojulikana na kila mtu, na mtu ambaye umaarufu huo haukumkinga na shida. Anayechekesha katika (10) hana maradhi wala deni; mwenye maradhi na madeni ni yule wa (12), ambaye sarufi ya kumbukumbu imekwisha kumweka katika -li-.

Sheria, kwa upande wake, hufuata njia iliyo kinyume na ya kumbukumbu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zote huilinda kazi ya fasihi au ya muziki katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Saa hiyo ya miaka 50 huanza kuhesabiwa kwa kifo cha mtu mwenye jina rasmi. Mzee Ojwang, kwa kuwa si mtu, hawezi kuianzisha. Zaidi ya hayo, mwigizaji si lazima awe mtunzi kwa mujibu wa sheria. Sehemu kubwa ya stahiki zake hutegemea hakishiriki na mkataba, na mkataba hutiwa saini kwa jina rasmi. Mjane au mtoto anayekwenda kudai stahiki hana budi kuthibitisha kwamba jina linalojulikana na wote na jina lililo kwenye cheti cha kifo ni la mtu mmoja. Tanzia iliyoandikwa vizuri, ikiunganisha majina hayo na kuzitaja kazi kwa miaka yake, ni msaada katika uthibitisho huo. Tanzia inayosema tu kwamba tumepoteza jembe haimsaidii mtu yeyote.

Neno jembe linastahili kutazamwa. Ni sitiari ya sifa inayosikika sana katika misiba ya wasanii nchini Tanzania, sambamba na nguzo na pengo lisilozibika. Jembe husifiwa kwa kazi lililofanya. Haliulizwi lililipwa nini. Sitiari hii, bila ya kukusudia, inaeleza hali ya wasanii wengi kwa usahihi kuliko wasemaji wake wanavyotambua.

Ni lazima pia kurejea mfano wa Siti binti Saad. Katika sehemu ya 3.0 ilidaiwa kwamba kulizamisha jina la Mtumwa kulikuwa haki. Tofauti iliyopo ni kwamba jina la Siti lilibadilisha hadhi ya mtu mwenyewe: aliyeheshimiwa kwa jina hilo ni yeye, akiwa hai. Jina la mhusika wa televisheni linaweza kupata heshima yote huku aliyelibeba akibaki alipokuwa. Kwa hiyo kigezo cha kuamua kama jina rasmi liachwe au litunzwe si ukongwe wala uzuri wa jina, bali ni kama heshima ya jina la sanaa ilimfikia mwenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Kiswahili kina njia ya kumkumbuka mtumbuizaji iliyojengwa ndani ya sarufi yake. Jina rasmi hupokea kifo na wakati uliopita. Jina la sanaa hubaki katika wakati uliopo, katika hali ya mazoea, na hata katika majina ya mahali yasiyo na wakati. Njia hii inaafikiana na desturi ya utani, ambayo tangu zamani iliwagawia watu tofauti kilio na kicheko. Hata hivyo, njia hiyo humsahaulisha binadamu aliyebeba jina la sanaa, na pamoja naye yale ambayo jamii na sheria zilimwia.

Kutokana na hoja hizo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, waandishi wa tanzia na taabini wayataje majina yote mawili katika mwili mzima wa maandishi, si katika sentensi ya kwanza tu, na waeleze ni nani alitunga, nani aliigiza na mwaka gani. Pili, kamusi za wasifu na orodha za maktaba ziwe na kidahizo kwa kila jina, kikielekeza kwa jina jingine, ili mtafiti anayemjua Bi Kidude amfikie Fatuma binti Baraka, na kinyume chake. Tatu, wahadhiri wa fasihi waifundishe tanzia ya mtumbuizaji kama utanzu wenye kanuni zake, unaochanganya kilio na futuhi.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu watumbuizaji wa redio, ambao hadhira iliwajua kwa sauti pasipo sura, na kuhusu Kiswahili cha Kongo, alikozaliwa Remmy Ongala. Huko kuna uwezekano kwamba viambishi vya wakati na vyeo vya heshima vinayagawa majina kwa namna tofauti na iliyoelezwa hapa.